Mguu wa Biasha

Kila jioni kengele ya mwisho ilipolia, wasichana wa mbio walikusanya vitabu vyao upesi wakatoka miguu mitupu hadi kiwanjani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Kenya ipate uhuru, na shule yao, iliyokuwa karibu na Msambweni, haikuwa imewahi kupeleka wasichana kwenye mashindano ya wilaya. Wazazi wengi hawakuona faida yake. Ilibidi Mwalimu Jemima azunguke nyumba kwa nyumba, aketi kwenye mikeka yao, na kuwaahidi kwamba mabinti zao wangerudi salama kama walivyoondoka.

Kiranja wa timu ya kupokezana vijiti alikuwa Mwanarusi, msichana mrefu wa darasa la saba, mwepesi wa miguu na mwepesi pia wa hasira. Alikimbia pamoja na Jumwa, Kahaso na Biasha, binti wa mama yake mdogo. Mapenzi alikuwa wa akiba, wa kuingia ikiwa mmoja wao angeshindwa.

Mwalimu Jemima alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya mbio za kasi, wasichana walizunguka kiwanja polepole, wakanyoosha mapaja na vifundo vya miguu mpaka miili ikapata joto. Kila baada ya muda waliketi kivulini wakanywa maji kidogo kidogo.

"Na ukisikia maumivu, niambie siku hiyo hiyo," alizoea kusema. "Simgombezi mtu kwa kuumwa."

Mwanarusi aliona mambo hayo yanawapotezea wakati. Yeye alitaka kukimbia tu, na alitaka kushinda.

Jioni moja, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mashindano, Mwalimu Jemima aliitwa kwenye mkutano wa walimu.

"Mwanarusi, waongoze wenzako," alisema. "Anzeni polepole kama kawaida."

"Ndiyo, mwalimu," Mwanarusi akajibu.

Mwalimu alipoingia ofisini, Mwanarusi aliwageukia wenzake. "Leo tunakimbia moja kwa moja. Kujinyoosha, kila mtu atajinyoosha kwao akilala."

Wakacheka, wakajipanga. Walikuwa wameketi darasani tangu adhuhuri na miguu ilikuwa imekaza, lakini hakuna aliyetaka kuitwa mvivu. Walichomoka kwa nguvu zao zote. Hawakuwa wamefika mbali Biasha aliposhika nyuma ya paja lake, akaruka kwa mguu mmoja, akaketi chini.

"Kuna kitu kimenivuta huku," alisema huku amekunja uso. "Kama kamba iliyokatika. Nitamwambia mwalimu."

Mwanarusi alichuchumaa karibu naye. "Ukimwambia atakuacha, amtie Mapenzi. Na Mapenzi hajui kupokea kijiti. Tutashindwa kwa sababu yako. Jikande mafuta ya nazi, litapoa."

"Na lisipopoa?"

"Litapoa. Wewe nyamaza tu."

Biasha alimpenda sana dada yake huyo, akanyamaza. Siku zilizofuata alikimbia kwa kujizuia, na mwalimu alipomtazama, Mwanarusi alisema haraka kwamba Biasha anatunza nguvu.

Siku ya mashindano walipanda lori hadi Kwale. Kule mlimani kulikuwa na upepo wa baridi kidogo, na uwanja ulikuwa umejaa watu. Kabla ya mbio zao, Mwalimu Jemima aliwakusanya pembeni.

"Niambieni kweli. Kuna yeyote anayeumwa?"

Biasha aliinamisha kichwa. Alikuwa anafungua kinywa Mwanarusi alipojibu, "Sote wazima, mwalimu."

Filimbi ikalia. Jumwa alianza vizuri, akampa kijiti Kahaso, na Kahaso akawapita wawili. Alipompokeza Biasha walikuwa wa kwanza, na watoto wa shule yao walikuwa wamesimama wote. Mwanarusi alisubiri mwishoni, mkono ameunyoosha nyuma. Alimwona Biasha akija, akaona uso wake ukibadilika, kisha akamwona anaanguka hatua chache tu kabla ya kumfikia.

"Inuka!" Mwanarusi alipiga kelele. "Biasha, lete kijiti! Inuka!"

Biasha alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Basi akajikokota kwa viwiko kwenye vumbi, machozi yanamtoka, kijiti amekikaza mkononi, kwa kuwa Mwanarusi hakuacha kumpigia kelele. Mwanarusi alikinyakua kijiti kile na kukimbia bila kutazama nyuma.

Alimaliza wa mwisho. Hakuna aliyempigia makofi. Alipogeuka, alimwona Mwalimu Jemima amepiga magoti uwanjani, amekiweka kichwa cha Biasha mapajani mwake. Mwanamke mmoja miongoni mwa watazamaji akamwambia mwenziwe, bila kujali kama anasikika, "Ndiye yule pale. Mwenziwe yuko chini, naye anamwambia lete kijiti."

Mwanarusi alitamani ardhi immeze. Njia nzima ndani ya lori hakuthubutu kuinua macho.

Hospitalini Msambweni walielezwa kwamba msuli wa paja ulikuwa umechanika vibaya. Daktari aliyeutazama alisema jeraha hilo lilianza siku kadhaa nyuma, na kama Biasha angepumzishwa mapema, angekuwa karibu kupona. Sasa angekaa majuma mengi bila hata kuchota maji.

Mwanarusi alikwenda kumwona. Biasha alikuwa amelala kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mto.

"Sijamwambia mtu," alimnong'oneza. "Nimesema niliteleza tu."

Maneno hayo yalimchoma Mwanarusi kuliko matusi. Alirudi nyumbani, akapakuliwa wali, akausukuma kando.

Siku iliyofuata alikuwa akifagia baraza ya ofisi aliposikia sauti ya mama yake mdogo ndani. "Uliketi kwenye mkeka wangu, mwalimu, ukaniahidi," alikuwa akisema. "Nami nikakuamini."

"Ni kweli, mama. Niliahidi," Mwalimu Jemima akajibu kwa upole. "Ilinipasa nione. Kosa ni langu."

Kisha ikasikika sauti ya mwalimu mkuu, Bwana Chirau. "Basi kuanzia leo hakuna tena mbio za wasichana katika shule hii. Na wewe, Mwalimu Jemima, michezo nitampa mtu mwingine."

Ufagio ulimponyoka Mwanarusi. Uso ulimwaka kwa aibu. Angeweza kuondoka, kwani hakuna aliyejua, na Biasha asingesema kamwe. Badala yake akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu mkuu. Shikamoo, mama mdogo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kosa si la Mwalimu Jemima. Ni mimi."

Akaeleza yote: jinsi alivyowakimbiza wenzake bila kupasha miili joto, jinsi alivyomnyamazisha Biasha, na uongo aliousema kule Kwale. Alipofika pale alipompigia kelele Biasha yuko chini, alilia. Mama yake mdogo akamgeukia.

"Nawe ni damu yake," alisema. Mwanarusi aliona heri angepigwa.

Bwana Chirau alimvua ukiranja mbele ya shule nzima asubuhi iliyofuata. Mwanarusi alisimama gwaride zima akitazama vidole vyake vya miguu. Lakini mbio za wasichana hazikufutwa, na Mwalimu Jemima akabaki na timu yake. Mapenzi ndiye aliyefanywa kiranja. Mwanarusi alijitolea mwenyewe kumchotea maji mama yake mdogo alfajiri, na Biasha alipoweza kurudi shuleni, alimbebea vitabu. Mwanzoni mama mdogo alipokea ndoo bila neno. Baadaye akaanza kumwambia, "Ingia unywe chai."

Hatimaye ikafika jioni ambayo Biasha aliruhusiwa kukimbia tena, polepole, kuzunguka kiwanja mara moja tu. Mwanarusi alisimama mbali na wenzake. Mwalimu Jemima akamfuata.

"Bado unaona haya?"

"Bado, mwalimu. Kila nikimwona anachechemea."

"Si vibaya. Aibu hiyo itakufunza, ila usiiache ikufungie nje ya kiwanja." Mwalimu akawageukia wasichana wote. "Sikilizeni. Mwili huu ndio tunaoutumia kukimbia, hatuna mwingine. Tunaupasha joto ndipo tuupe kazi, tunaunywesha maji, na ukiuma tunaupumzisha na kusema. Anayeficha maumivu hajawa shujaa, na anayemlazimisha mwenziwe ayafiche amemkosea. Kombe tutalitafuta mwaka ujao. Mtu hatupati mwingine. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Biasha alikuwa ameshaanza kuzunguka, hatua fupi fupi, mkono kiunoni. Aligeuka akamwita Mwanarusi kwa ishara ya kichwa. Mwanarusi akaingia kiwanjani, akapunguza mwendo wake mpaka ukalingana na wa ndugu yake, wakaenda bega kwa bega.