Ngamia Mweupe wa Diriye

Asubuhi ya mnada, Rukiyo alimkuta ngamia mweupe aliyemnunua jana amelala katika zizi la pembeni, kamasi zikimtoka, anakohoa. Kabla ya saa tatu soko zima la mifugo la Garissa lilikuwa limesikia, na Diriye, aliyemuuza, alikuwa akipiga kelele langoni.

"Nilimuuza mzima! Ugonjwa ameukuta kwa Rukiyo. Fungeni mazizi yake, mwageni maziwa!"

Maziwa ya Rukiyo yalijulikana hadi Liboi. Mazizi yakifungwa, jina hilo lingekwisha.

Inspekta Ikran, mzaliwa wa Modogashe aliyesomea kemia kabla ya kujiunga na polisi, alianza na Deeq, daktari wa mifugo.

"Wiki iliyopita nilimweka karantini ngamia mweupe wa Diriye," alisema Deeq. "Nilimpaka aidini shingoni, upande wa kushoto. Baadaye Diriye akaniambia amekufa."

"Si huyu?"

"Chapa ni ile ile, lakini ni ya ukoo mzima. Na alama ya aidini haipo."

"Inafutwa na nini?"

Deeq akasita. "Haidrojeni peroksidi. Mimi ninayo."

Watu wakaguna, wakamtazama daktari kwa jicho baya.

"Umempa nani?"

"Diriye. Alisema ni ya kidonda."

Diriye hakukana. "Kidonda nilikisafisha. Huyu nilimwosha kwa magadi tu, alikuwa na kupe. Ni kosa?"

Ikran alipapasa shingo ya ngamia. Manyoya ya kushoto yalikuwa yamegandana kwa magadi. Ya kulia yalikuwa laini.

"Kupe walikuwa upande mmoja?"

"Maji yalikuwa kidogo, afande."

Ikran aliomba maji ya wali yaliyopoa, ndimu na chupa mpya ya peroksidi. Akachanganya, akampaka ngamia mwingine wa Rukiyo. Hakuna kitu. Akapaka shingo ya mgonjwa upande wa kulia. Hakuna kitu. Akapaka kushoto. Taratibu doa refu la buluu, karibu nyeusi, likajitokeza.

"Ni magadi hayo!" Diriye alisema.

Ikran akamimina mchanganyiko kwenye bonge la magadi. Likatoa povu, likabaki jeupe.

"Penye magadi, peroksidi huipa aidini elektroni, rangi inapotea," alisema. "Lakini aidini haiendi popote, inabaki bila rangi. Penye ndimu, peroksidi hiyo hiyo huinyang'anya zile elektroni. Aidini inarudi, na wanga wa wali unaigeuza buluu. Ungemsuuza vizuri, Diriye, nisingepata kitu."

Diriye akachuchumaa mchangani. "Ukame ulinimaliza. Nilibaki na huyu mmoja. Sikutaka afie mikononi mwangu."

"Na Rukiyo alikukosea nini?"

"Akilaumiwa yeye, nani angeniuliza mimi?"

Askari wakamchukua. Deeq aliwapima ngamia wengine. Ngamia mgeni alikuwa ametengwa tangu jana, na wote walikuwa wazima.

Rukiyo alichota maziwa, akanywa mbele ya watu, kisha akampa Ikran kikombe.

"Kunywa, binti yangu."

"Asante, eeddo, shangazi yangu."

Rukiyo akaligeukia soko, kichwa juu.

"Wallahi, leo simwagi hata tone. Anayetaka maziwa apange foleni. Na mwacheni huyu amalize kwanza, ni msichana wetu!"