Ndege ya Mabua

Kwaruu! Kigoda kilikwaruza sakafu ya jikoni gizani.

Herieth alikisikia akiwa bado amejifunika blanketi hadi puani, maana Julai ya Sumbawanga haina mzaha, upepo wake hupenya hata kwenye tundu la kitasa. Kila alfajiri sauti hiyo ilimwambia kwamba Bibi Cornelia ameketi kuwasha moto, na kwamba yeye ana muda kidogo wa kujinyoosha kabla ya kuitwa akachote maji. Lakini leo kigoda hakikuishia penye mafiga. Kiliburutwa mpaka chini ya ukingo wa uchaga, kisha kikalia kwa uzito wa mtu anayekipanda.

Herieth akalitupa blanketi, akaketi.

Uchaga ule wa miti, juu ya moto, ndipo Bibi Cornelia alipoweka mahindi ya mbegu na masuke ya ulezi, ili moshi uyakinge na wadudu. Wengi pale Kasense hufanya hivyo. Ila kwa Bibi Cornelia, nyuma ya mahindi, kulikuwa na kitu kimoja zaidi: ndege ya mabua, ndogo kama njiwa, nyeusi tii kwa moshi wa miaka na miaka. Aliitengeneza kaka yake, Kasimiri, enzi akiwa mtoto wa kuchunga ng'ombe. Kasimiri alikua, akaenda jeshini, akawa rubani wa ndege ya kivita. Vita vya Kagera vilipozuka aliruka, asirudi. Ndege yake iliangukia ziwani, na yeye mwenyewe hakupatikana.

Kwa hiyo kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, majirani walipobeba majembe kwenda kupalilia makaburi ya wapendwa wao, Bibi Cornelia hakuwa na pa kupalilia. Yeye alingoja Siku ya Mashujaa. Alfajiri ya siku hiyo aliishusha ile ndege, akaipakata, akasali, akairudisha moshini. Basi. Hilo ndilo lilikuwa kaburi la kaka yake.

Leo ndiyo siku hiyo. Na ndege iliyokuwa uchagani haikuwa ile.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu Bertilla aliwaambia darasa la sita kwamba baada ya sikukuu, kila mwenye ndugu aliyekwenda vitani atasimama amsimulie. Wakati wa mapumziko Herieth akasema babu yake alikuwa rubani.

"Rubani wa Kasense?" Calvin aliuliza, mdomo umejaa karanga. "Alirusha ndege, au alifukuza kunguru kwenye mahindi?"

Watoto waliangua kicheko. Herieth alihisi masikio yakimchoma.

"Aliangusha ndege tano za adui!" akasema.

"Tano! Acha fiksi wewe. Kama kweli, lete kitu chake tukione."

Jioni hiyo bibi alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Herieth alipanda kigoda, akaishusha ndege. Alipoitazama kwenye mwanga wa mlangoni, aliona haya. Jinsi ilivyojaa masizi! Calvin angesema ni kuni iliyoungua. Basi Herieth, kwa nia ya kuipendezesha, akamimina maji kwenye beseni, akakoroga sabuni, akaizamisha.

Loo! Mabua yaliyokauka miaka yote hiyo yalikunywa maji, yakavimba, yakachanika. Bawa la kwanza lilibaki mkononi mwake kama uji mzito. Kilichoishikilia ndege ile wakati wote huo kilikuwa ni ule ule moshi aliouona uchafu. Maji yakimwagika hayazoleki, na Herieth hakuwa na cha kuzoa ila vipande. Alivianika juani kesho yake, akavitia kwenye kopo tupu la majani ya chai, akalificha chini ya kitanda. Kisha alikwenda shambani, mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, akachagua mabua mapya, akaunda ndege nyingine, akaipaka masizi ya sufuria. Kwa macho ya bibi, yaliyokuwa na ukungu, ingetosha.

Sasa alinyata hadi mlango wa jikoni, akachungulia. Moto ulikuwa bado mdogo. Bibi Cornelia alikuwa ameketi, ndege mapajani, vidole vikiipapasa pole pole. Akaiinua, akaipima mkononi. Akaileta puani, akainusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Njoo ukae hapa."

Herieth akakaa. Bibi akaipima tena ndege mkononi.

"Imekuwa nzito mwaka huu," alisema. "Hata moshi siusikii. Nashika bawa, naona si lenyewe." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Uzee huu, mama. Macho yalitangulia, nikasema haidhuru, mikono ninayo. Kumbe mikono nayo imeanza kumsahau Kasimiri. Nikimsahau mimi, nani amebaki aliyemwona?"

Chozi likamdondoka, likaangukia kwenye bawa jipya. Masizi yakachuruzika.

Herieth alikuwa amejiandaa kwa hasira ya bibi, hata kwa fimbo. Kwa hili hakujiandaa. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana, maana bibi mwenyewe alikwisha kumpa pa kujificha. Lakini angenyamazaje, na bibi anajilaumu kwa kosa lisilo lake?

Aliinuka, akaenda kuchukua kopo, akaliweka mapajani kwa bibi.

"Hujamsahau, bibi," akasema. "Hiyo si yenyewe. Yenyewe niliiosha, ikaharibika. Hiyo nimeitengeneza mimi."

Akaeleza yote: Calvin, ndege tano, beseni, sabuni. Bibi Cornelia alifungua kopo, akaingiza vidole, akapapasa vile vipande. Alifumba macho.

"Ni hii," akasema. "Ni hii kweli."

Halafu akalia, kilio cha msibani, kana kwamba habari ya kifo ilikuwa imefika asubuhi ile. Herieth alilia naye, kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya.

Walipotulia, bibi alijifuta kwa pindo la kanga. "Ndege tano," alisema akitikisa kichwa. "Kasimiri huyo aliyekuwa akikataa kuchinja kuku! Sikiliza, mjukuu wangu. Hakuangusha hata moja. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita. Aliogopa, wenzake walitueleza, akaenda hivyo hivyo. Alikuwa kijana mdogo, hata mchumba alikuwa hajapata. Huyo ndiye ninayemlilia. Huyo wako wa ndege tano simjui."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Ila iliyoharibika imeharibika, wala sitakudanganya kwamba hainiumi." Akamshika mkono. "Kuvunja kitu ni ajali. Lakini uongo ulikutuma mara mbili. Mara ya kwanza ulimvika marehemu sifa asizoziomba. Mara ya pili ulitaka kunifanya niamini akili yangu imeniacha. Ona ulipotufikisha! Ukikosea, sema mapema, maana kosa lililofichwa hutafuta mtu mwingine wa kumwangukia."

Kisha alichambua tena ndani ya kopo, akatoa miiba mikavu, migumu kama sindano. Ndiyo miiba ambayo Kasimiri aliitumia kupigilia mabawa. Maji hayakuifanya kitu. Bibi akachomoa miiba mipya kwenye ndege ya Herieth, akachomeka ile ya zamani, mmoja mmoja, huku Herieth akimshikia mabua.

"Haitakuwa ile," bibi alisema. "Moshi utaanza upya. Mimi sitaiona ikiwa nyeusi. Utaiona wewe."

Wakasali. Kulipokucha, ndege ilikuwa imerudi uchagani.

Baada ya sikukuu, Mwalimu Bertilla aliwauliza nani ataanza. Calvin alimgeukia Herieth, akapiga dawati kwa kidole mara tano, akitabasamu. Darasa zima likamtazama. Herieth hakuwa na kitu mkononi. Alisimama, akasema:

"Babu yangu Kasimiri hakuangusha ndege hata moja."