Tumbo Si Hamira

Wiki moja mwoka mikate aliunguza trei mbili nzima. Macho yake yalikuwa na ukungu. Mkate ukibadilika rangi ndani ya tanuri, hakuona.

Mkewe akaja juu. "Baba, macho hayo ndiyo kazi yako. Yakienda, tumekwisha! Sindano ya kisukari umechoma?"

"Nimeacha. Imeniua tumbo. Sina hamu ya kula kabisa."

"Na kile kikombe cha kila alfajiri?"

"Maji ya vuguvugu na sukari. Nalipima tumbo. Hamira si tunaipima hivyohivyo? Ikiwa hai, itatoa povu."

Mkewe alishika kichwa. Hakujua acheke au alie. Akampigia simu mpwa wa mumewe, muuguzi wa kliniki ya kisukari. Binti alifika mbio, akampima. Sukari ilikuwa juu mno.

"Mjomba, utajiua! Tumbo lako liko kazini. Kwenye ukuta wa utumbo mna vishimo vidogo sana, macho hayavioni. Chini kabisa ndani ya kila kishimo zimo seli mama. Zinagawanyika usiku na mchana, zinazaa seli changa. Hizo hupanda juu huku zikikomaa. Nyingi hunyonya chakula. Chache huwa wajumbe. Chakula kikifika, hutuma homoni. Kongosho huambiwa, 'Toa insulini!' Ubongo huambiwa, 'Tumeshiba.'"

"Na sindano?"

"Inaiga homoni mojawapo. Ndiyo maana njaa imepungua. Ukiona tatizo, tuambie kwanza, usiache tu."

"Na wajumbe wakichakaa?"

"Hudondoka, wapya wakashika nafasi. Wataalamu bado wanachunguza jinsi seli changa inavyogeuka mjumbe. Wakielewa vizuri, huenda siku moja mwili utasaidiwa kuwaongeza."

Mwoka mikate alijishika tumbo kwa mikono miwili. Miaka yote alijisifu kuwa yeye huamka kabla ya wote. Kumbe ndani yake kuna wafanyakazi ambao hawajalala tangu azaliwe!

"Na mimi nikawa nawaongezea sukari," alisema kwa sauti ndogo.

Kikombe kile alikiacha siku hiyohiyo. Kliniki walimchunguza macho, wakamwanzishia sindano upya kwa dozi ndogo. Sukari ilishuka taratibu, na ukungu nao ukapungua.

Asubuhi moja alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Mama, mvi hizi zimeota lini?"

"Ulipoacha sindano," alijibu mkewe.