Kufuli la Benki ya Damu

Roboti mia mbili, programu za kutafutia wagonjwa damu, ziliingia kwa mkupuo mmoja katika daftari la kompyuta la Benki ya Damu ya jiji, na hakuna iliyomsubiri mwenzake. Zamani daftari hilo lilikuwa na kufuli: roboti moja ikiingia kutafuta damu, nyingine zote hupanga foleni. Mhandisi Salvina Mkude ndiye aliyebuni kitanguzi, kifaa ndani ya kompyuta kilichoziruhusu kuingia pamoja, kila moja na rasimu yake ya daftari. Mbili zikigongana kwa kugusa rafu moja ya damu, moja hufutiwa rasimu ikaanza upya, kana kwamba haikuwahi kuingia. Foleni ikaisha, na Salvina akapata jina.

Mwaka wa tatu wa kitanguzi, asubuhi moja, Nesi Domitila wa wodi ya nane alimfuata ofisini.

"Dada Mkude, nina mgonjwa, Asteria. Tangu jana tunamwombea damu. Mashine inasema 'inatafutwa'."

"Inaonyesha hitilafu?"

"Haionyeshi. Ila mwenyewe anazidi kuishiwa nguvu."

Salvina akalifungua ombi na kulitazama likifanya kazi. Damu ya Asteria ilikuwa adimu. Roboti yake ilipaswa kupitia rafu zote mia tisa kabla ya kuchagua, kazi ya sekunde tisa. Maombi ya wengine yalikwisha kufumba na kufumbua. Kila ilipokaribia kumaliza, roboti nyingine iligusa rafu mojawapo, na rasimu ikafutwa. Ndani ya dakika kumi ilianza upya zaidi ya mara sitini.

Akarudisha kufuli. Roboti za jiji zima zikasimama kwa sekunde tisa. Chupa mbili zikapatikana.

Alasiri Domitila alirudi kusema kwamba Asteria ameomba uji. Hakuondoka.

"Kumbe zilikuwa sekunde tisa tu."

"Ndiyo, Nesi."

"Na Mzee Lukoo, wa mwezi wa pili? Naye tuliambiwa 'inatafutwa' mpaka tukamfunika shuka."

Salvina akaiuliza kompyuta ni maombi mangapi yaliyoanza upya hivyo kwa miaka mitatu, mpaka yasihitajike tena. Jibu likaja papo hapo: *Kilichofutwa hakina kumbukumbu.* Sentensi hiyo aliiandika yeye mwenyewe, na siku ile aliiona nzuri.

Akaizima skrini, akatafuta karatasi na kalamu.

"Nitajie unaowakumbuka," alisema.

Domitila akavuta kiti, akaketi.