Pedali ya Katongo

Jioni ile Alexis alitoka nyumbani kwake Katuba kwenda kununua ukimya. Ndivyo alivyomwambia mkewe, Gaëlle, kwa utani, na Gaëlle akacheka. Ilipita muda mrefu kabla ya kicheko kusikika tena katika nyumba ile.

Alexis alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya parokia. Walipanga vyumba viwili katika kiwanja chenye kaya nne, na mwenye nyumba alishamwonya: siku akisikia tena gitaa kwenye spika, watafute pa kulala. Tena walikuwa na mtoto, Chancelvie, wa miezi kumi na mmoja, mwenye usingizi mwepesi. Mtoto yule alimpenda baba yake kupita kiasi. Akisikia tu hatua zake mlangoni, alinyoosha mikono abebwe. Neno "papa" alikuwa bado hajalisema, na Alexis alilisubiri kuliko alivyosubiri mshahara.

Alichotaka ni multi-effets, kile kisanduku cha miguuni kinachobadilisha sauti ya gitaa. Masharti yake yalikuwa matatu. Kiwe na tundu la casque, kifaa cha kuvaa masikioni, ili asikie yeye peke yake. Kitumie betri, maana umeme wa Lubumbashi una kiburi chake. Na bei isimkimbize. Alizunguka maduka ya mjini wiki nzima. Kimoja kilikuwa kizuri, ila cha umeme tu. Kingine kilikuwa rahisi, lakini masikioni kilichemka kama mafuta ya kukaangia. Cha tatu kilitimiza yote, na muuzaji alipotaja bei, Alexis alikirudisha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga wa watu.

Dieumerci, mpiga kinanda wa kwaya, ndiye aliyemtumia tangazo kwenye simu. Picha moja, maneno machache: multi-effets, casque, piles (yaani betri), bei ya kusikilizana.

"Ni ya occasion, ilishatumika," Dieumerci alimwambia. "Ujaribu mbele ya kulipa. Na uulize juu ya nini banaiuzisha."

Alexis hakuuliza.

Nyumba yenyewe ilikuwa humo humo Katuba, barabara sita mbele. Alifika jua likizama. Uani viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa duara, na katikati kulikuwa na majivu ya moto mkubwa uliozimwa kwa maji. Harufu ya majivu mabichi ilimkaa puani. Wanawake wanne waliketi chini, wamefunga vitambaa vyeusi kichwani. Hata mgeni angejua kwamba hapa kuna kilio. Alexis alijua pia. Lakini macho yake yalishakiona kisanduku juu ya kigoda, kizima, hakina hata mkwaruzo. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mjane wa marehemu Katongo aliitwa Mama Delphine. Hakutaja bei.

"Mama yako ni muntu wa wapi?" aliuliza taratibu.

"Wa Mokambo. Ni Mulamba."

"Wa mukowa gani?"

Alexis alishangaa. Ananunua pedali au anaposa? Hata hivyo ukoo wa mama si siri. Akajibu kwamba ni ukoo wa Mbuzi.

Wanawake wakatazamana. Mzee mmoja aliyekaa kando, mzee Émile, mjomba wa marehemu, akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Utoe tu ile feza uko nayo mu mufuko," alisema Mama Delphine. Kisha akamletea maji katika kikombe cheupe. "Kunywa, papa. Leo jua ilikuwa kali."

Alexis akanywa. Maji yalikuwa baridi, na yalikuwa na ladha ya unga. Alipomaliza, mmoja wa wanawake alianza kulia kwa sauti ndogo... kama mtu aliyepata nafuu.

Alilipa, akarudi nyumbani na kisanduku na furaha yake.

Kesho yake, saa kumi na mbili jioni, Gaëlle alikuwa uani anasonga bukari, ugali wa kule, na mtoto amelala. Alexis akachomeka gitaa, akavaa casque, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Sauti ilikuwa safi ajabu. Akapitia sauti moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, ya tisini na tisa.

Pale palikuwa na mtu anapiga gitaa.

Alexis hakuogopa mara moja. Visanduku vya namna ile hurekodi, na mwenyewe wa zamani aliacha wimbo wake humo. Ulikuwa wimbo wa polepole, wa vidole, wa kizamani. Kiti kililia. Mtu akakohoa. Alexis akaanza kumfuata... na vidole vyake vikajua njia. Hakuwahi kuusikia wimbo ule. Vidole havikukosea hata mara moja.

Kisha sauti ya mtoto ikasema masikioni mwake, "Papa, bukari imeiva."

"Minakuya kula," Alexis akajibu.

Akashtuka. Alimjibu nani?

Alivua casque. Giza lilishaingia. Chancelvie alikuwa analia mpaka sauti imekauka, na Gaëlle alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Nilikuita mara kumi," alisema. "Alexis, Alexis. Hauitikie. Unacheka tu peke yako."

Alexis alimwinamia mtoto ambebe. Chancelvie alimtazama usoni, akanyamaza kidogo... halafu akapiga ukelele na kujikunja kwa mama yake. Alikuwa akimwogopa. Baba mtu aliumia moyo kuliko alivyotaka kuonyesha.

Alijiambia ni usingizi tu. Akashika kisanduku akizime, taa ile nyekundu ikakataa kuzimika. Basi atoe betri. Akafungua kifuniko cha nyuma.

Hapakuwa na betri.

Akapapasa mfuko wa suruali. Betri nne alizonunua asubuhi zilikuwa humo, bado katika karatasi yake.

Siku tatu Chancelvie hakukubali kushikwa naye. Akiingia chumbani, mtoto alitambaa nyuma ya kiti. Kisanduku alikifungia chini ya kitanda, lakini kila jioni, jua likizama, chumba kilinuka majivu mabichi na vidole vyake vilichezacheza vyenyewe juu ya goti. Gaëlle aliona. Akalala na mtoto ukutani, yeye katikati. Siku ya nne Alexis akampigia mama yake Mokambo.

"Mama, ni miye."

"Ni nani?" mama yake aliuliza.

"Alexis, mama."

"Hapana. Mutoto yangu minajua sauti yake. Umemupeleka wapi Alexis?"

Ilibidi Gaëlle ashike simu na kuapa. Ndipo Alexis akasimulia yote: kilio, ukoo, kikombe.

"Bakikuuliza mukowa, bakikupatia kintu ya marehemu, na ukunywe mayi," mama yake alisema, "ile haiko kuuzisha. Ile ni kupyana, kurithi marehemu. Balikupatia jina yake. Na muke yake, na batoto yake. Sasa wee ni yeye. Urudishe leo, kabla mwana wako akusahau kabisa."

Alexis alikimbia barabara zote sita, kisanduku kifuani. Jua lilikuwa linazama tena. Uani safari hii majivu yalikuwa yamefagiliwa. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na watoto watatu wamekaa kuzunguka sahani ya bukari. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Mbele yake viatu vya mwanaume, vimepakwa rangi.

"Papa amerudia," alisema msichana mdogo. Hakushangaa hata kidogo.

Ilikuwa ile sauti ya kwenye casque.

"Ikala, Katongo," alinong'ona Mama Delphine, akimwonyesha kiti kile. "Chakula inapoa."

Na Alexis, jambo lililomtisha kuliko yote, alihisi njaa. Miguu yake ilitaka kiti kile. Akakumbuka mtoto wake nyuma ya kiti kingine, kule nyumbani, na machozi yakamtoka.

"Miye niko na mwana wangu," alisema. "Nabaomba."

Mzee Émile ndiye aliyemhurumia. Alinyanyuka, akamsogelea karibu sana.

"Mu mukowa yetu ya Mbuzi hakubakie mwanaume ya kupyana, miye ni muzee," alinong'ona. "Marehemu bila jina anatembea tu. Unisamehe. Weka ile kintu pale. Ukamate njia. Bakikuita ku mugongo, usigeuke mpaka ku mulango yako."

"Hata bakiita jina yangu?"

"Hata ile."

"Na yeye? Atabakia hapa?"

Mzee akavitazama vile viatu mbele ya kiti.

Alexis akakiweka kisanduku juu ya kigoda, akageuka, akaenda. Barabara ya kwanza, kimya. Ya pili, mtu akaita, "Katongo..." Hakugeuka. Ya tatu, ya nne, alisikia viatu. Vilikwenda alivyokwenda, vikasimama aliposimama. Ya tano, sauti ya mama yake mwenyewe ikamwita, "Alexis, mwanangu." Alijing'ata mdomo mpaka damu. Ya sita, hakuna kitu. Harufu tu ya majivu.

Akafika mlangoni.

"Alexis?" Gaëlle aliuliza kutoka ndani.

"Eee, ni miye," akaitika, na jina lake likamkaa masikioni kama zamani. Alitaka kucheka. Alikuwa amepona.

Gaëlle alitoka na mtoto mkononi. Chancelvie alitazama mlangoni. Hakulia. Uso ukamfunguka, akanyoosha mikono yote miwili, na Alexis, moyo ukimjaa, akasogea ampokee.

Mikono ile ilimpita.

Mtoto alikuwa anatazama juu ya bega lake, mahali ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

"Papa," akasema. Neno lake la kwanza.

Alexis hakugeuka. Mpaka leo hajageuka. Wapo wanaosema ni mawazo tu, na wapo wanaosema mzee Émile alijua vizuri alichomtuma kukipeleka nyumbani. Mimi sijui. Ila ukimkuta pale parokia na gitaa lake, usimwite kwa nyuma. Zunguka, umsalimie kwa mbele. Na ukimwona Chancelvie anapunga mkono, usimuulize anampungia nani.