Gari Lililoipita Bendera

Zama hizo, mtu wa pwani ya Mrima akisema "bara" alimaanisha kila kitu kilichoanza nyuma ya shamba lake la mwisho. Kisha ukaja upepo mkubwa. Ulivuma mchana mmoja tu, ukailaza minazi ya pwani kuanzia mizizi hadi vilele, na watu walioamka wakiwa matajiri wakalala mafukara. Wengi walibaki pale pale, wakilia juu ya visiki. Wachache, nao walikuwa wakaidi kuliko wote, walifunga virago, wakachukua wake na watoto, wakaifuata njia ya magharibi kutafuta ardhi isiyojua upepo wa bahari.

Mwinyi Chande wa Saadani alikuwa mkaidi wa wakaidi. Wenzake waliondoka kwa miguu, kama watu walivyoondoka tangu enzi za mababu. Yeye aliondoka na gari. Lilikuwa gari la ng'ombe lenye magurudumu mawili yaliyofungwa mikanda ya chuma, alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyerudi kutoka bara akitetemeka kwa homa na kuapa hatatia mguu huko tena.

"Mzungu amelikimbia, wewe unalinunua," mkewe, Bi Mwanamize binti Shomari, alimwambia.

"Mzungu hakujua kulitumia, Mama Tausi."

"Na wewe unajua?"

Mwinyi Chande hakujibu. Alikuwa na kawaida hiyo ya kutojibu, na Bi Mwanamize alikuwa ameishi nayo miaka mingi bila kuizoea. Lakini safari hii alinyamaza naye, kwa sababu moja. Binti yao wa pekee, Tausi, alikuwa mjamzito. Mumewe aliangukiwa na mnazi siku ile ya upepo, akazikwa jioni yake, na mtoto aliyekuwa tumboni ndiye kitu pekee alichomwachia. Miguu ya Tausi ilikuwa imevimba, hakuweza kutembea hata kutoka nyumbani hadi kisimani. Akienda kwa miguu atakufa njiani. Akibaki Saadani atakufa njaa. Basi gari.

Walijiunga na msafara wa Wanyamwezi waliokuwa wakirejea kwao na mizigo ya vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kirangozi wao, mwenye kuutangulia msafara njiani, aliitwa Lugendo, mtu mrefu mwenye joho jekundu lililochakaa, ngozi ya mbega mabegani, manyoya ya ndege kichwani na bendera nyekundu mkononi. Kabla ya kupiga hatua ya kwanza aliwakusanya watu wa pwani akawaeleza sheria ya njia. Mbele ya bendera hapiti mtu. Awe tajiri, awe mtumwa, awe mwenye mzigo au mkono mtupu, atakayeipita atatoa mshale mmoja podoni mwake, na kama hana mshale atatoa chochote alichoshika, na kirangozi atakaa nacho hadi mwisho wa safari ili kila mtu akione na amcheke.

"Na gari pia?" Mwinyi Chande aliuliza.

Lugendo alilitazama gari, akawatazama ng'ombe, akacheka hadi manyoya ya kichwani yakatikisika. "Gari lako likinipita, Mwinyi, nitaacha kazi hii nikalime mtama." Mwinyi Chande naye akaapa mbele ya wote kwamba halitaipita bendera.

Alikuwa na haki ya kucheka. Gari lile lilikuwa balaa. Lilizama kwenye kila kijito. Njia ya bara ilikatwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mzigo kichwani, basi vichaka vya kandokando vilipaswa kufyekwa hadi njia iwe na upana mara mbili ndipo gari lipite. Kwenye milima ya Nguru walilivunja vipande vipande, wakavipandisha mgongoni, wakaviunganisha upya, na kwenye kilele kilichofuata wakaanza tena. Wapagazi walitunga wimbo juu yake, wakauimba mchana kutwa, na Bi Mwanamize alilazimika kuusikiliza mchana kutwa. Mbung'o wakawauma ng'ombe, ng'ombe wakaanza kukonda na kutoa machozi, wakafa mmoja mmoja. Mwendesha ng'ombe aliyeajiriwa pwani alitoroka walipofika Mamboya. Hapo Bi Mwanamize mwenyewe akajifunga kibwebwe, akashika fimbo, akajifunza kuendesha ng'ombe kwa matusi, maana fimbo peke yake walikuwa hawaisikii.

Alilichukia gari lile. Alilichukia kuliko upepo. Jioni, msafara ukishafika kambini na kupika na kula, gari ndiyo kwanza linafika, na Lugendo huwa ameketi akipasha moto ngozi ya ngoma, anamtazama tu asiseme neno. Afadhali angesema.

Hivyo hivyo wakafika ukingo wa Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji inayowatenga watu wa Mpwapwa na Wagogo. Huko msafara husafiri kwa telekeza: unaondoka mchana ukiwa umebeba maji yako, unalala kiu, unaamka na kuendelea hadi visima vya upande wa pili. Wapagazi walijaza vibuyu, wakavifunga viunoni. Mwinyi Chande akajaza mitungi.

"Mitungi ya udongo, Baba Tausi? Ndani ya gari?"

"Mtungi unapoza maji. Tausi anahitaji maji ya baridi."

"Tausi anahitaji maji. Tafuta vibuyu."

"Mtu mstaarabu hanywi kwenye kibuyu kinachonuka moshi."

Ilikuwa fahari ya kipwani, na haikufika mbali. Kabla jua halijazama gurudumu lilipanda jiwe, likashuka, na mitungi yote ikagongana na kuvunjika. Bi Mwanamize alisimama akiangalia maji yakipotea mchangani. Alitaka kulia, alitaka kumpiga mumewe kwa fimbo ya ng'ombe. Hakufanya lolote kati ya hayo, maana Tausi alikuwa ameshika ukingo wa gari kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," alisema, "uchungu umeanza."

Kesho yake asubuhi uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Wapagazi waliwagawia maji ya kunywa kidogo kidogo kutoka vibuyuni, kisha navyo vikakauka. Jua lilipofika juu kabisa, Lugendo akasimika bendera chini ya mti wa mgunga uliokuwa na kivuli kisichotosha hata mbuzi, akapiga ngoma. Kupumzika.

Bi Mwanamize alimfuata. "Kirangozi, kwa nini tunasimama?"

"Watu wangu wamechoka, Bibi. Wana mizigo vichwani. Jua likipinda tutaondoka."

"Mwanangu hangoji jua lipinde. Nipe ruhusa nitangulie. Nchi hii ni tambarare, gari linaweza kukimbia."

"Hapana."

"Kwa ajili ya sheria ya mshale?"

Lugendo hakukasirika, na hilo lilimuudhi Bi Mwanamize zaidi. "Bibi, sikiliza. Watu hawa wana kiu. Wanakaa kwa sababu bendera imekaa. Wakiona mtu mmoja ameipita kukimbilia maji, watatupa mizigo, kila mtu atashika njia yake, na nusu yao hawataonekana tena. Nimewahi kuona mifupa yao. Wewe unalilia mmoja. Mimi nina wote hawa."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na Bi Mwanamize alijua ni ya kweli. Alirudi kwa mumewe. "Baba Tausi, sema naye wewe. Wewe ni mwanamume, atakusikia."

Mwinyi Chande aliinamisha kichwa. "Niliapa mbele ya watu kwamba gari langu halitaipita bendera."

Mara nyingi alikuwa hajibu, na siku aliyotakiwa kujibu alijibu hivyo.

Bi Mwanamize alipanda mbele ya gari. Ng'ombe walibaki wawili tu, mifupa mitupu. Aliwatukana matusi ambayo mama yake hakumfundisha. Gari likasogea. Likapita mizigo iliyolazwa chini, likawapita wapagazi waliokuwa wameketi midomo wazi, likafika kwenye mgunga. Lugendo alisimama akaishika bendera kwa mikono yote miwili. Wakatazamana. Kisha gari likapita.

Kwa mara ya kwanza tangu Saadani, gari lile lilikwenda. Ardhi ilikuwa ngumu na sawa, hakuna kichaka wala mto, magurudumu yakazunguka kama yalivyokusudiwa kuzunguka. Tausi alikuwa akipiga kelele nyuma, na mama yake akipiga kelele mbele, huyu kwa uchungu, huyu kwa hasira. Walikwenda hadi vivuli vikaanza kurefuka. Ndipo ng'ombe walipoinua pua na kunusa maji, wakaongeza mwendo wenyewe kwa hatua zao za mwisho, na visima vikaonekana.

Wanawake wa Kigogo waliokuwa wakiteka maji waliacha ndoo zao za ngozi na kumbeba Tausi. Mtoto alizaliwa pale pale, kwenye kivuli cha gari. Alikuwa wa kike na alilia kwa nguvu. Tausi alikunywa maji, akalala, akaamka mzima.

Msafara ulifika jioni. Hapana aliyepotea. Wapagazi walikuwa wameinuka kweli baada ya gari kupita, kama Lugendo alivyosema, lakini magurudumu yalikuwa yameacha mistari miwili mchangani, na hata aliyekuwa haoni vizuri kwa kiu aliweza kuifuata hadi kisimani. Lugendo alifika mbele yao na bendera yake, macho yake yakiwa kwenye mistari ile.

Mwinyi Chande akamkimbilia. "Kirangozi, usimlaumu mke wangu! Ng'ombe walinusa maji wakamshinda. Mwanamke angewazuiaje?"

Lugendo akashusha pumzi. "Ni kweli," alisema haraka. "Ng'ombe walinusa maji. Nami niliona hivyo hivyo."

"Mwongo wewe, na wewe mwongo!" Bi Mwanamize alisema. Alichomoa kwenye mhimili kile chango cha chuma kinachozuia gurudumu lisitoke, akamnyooshea Lugendo. "Sina mshale. Chukua hiki. Niliipita bendera yako nikiwa macho, na kwa kusudi."

Lugendo hakunyoosha mkono. Akikipokea, atakuwa amekiri mbele ya msafara wote kwamba alipitwa na mwanamke mwenye gari. "Ng'ombe hawatoi mshale, Bibi," alisema, akageuka. Watu wakacheka, wakashangilia, na asubuhi walipoondoka walikuwa wameshatunga wimbo mpya. Ulihusu ng'ombe wawili walionusa maji.

Ng'ombe wenyewe walikufa wiki ile ile, na Tausi hakuweza kutembea, hivyo Mwinyi Chande akawaomba Wagogo sehemu ya kulima. Mzee wao alikubali akipewa chuma cha magurudumu. Mikanda ile ikafuliwa ikawa majembe. Chango kimoja tu Bi Mwanamize alikataa kukitoa. Alikichomeka juu ya mlango, na kila msafara uliosimama kunywa maji aliusikia ukiimba wimbo wa ng'ombe. Mahali pale pakaitwa Kisima cha Ng'ombe. Mwanzoni aliwasahihisha watu. Walimsikiliza kwa adabu, wakanywa, wakaondoka wakiimba vile vile. Mumewe alikufa akiwa bado anasema kwamba alimwokoa na aibu, na Bi Mwanamize alimlilia kwa dhati, huku bado amemkasirikia.

Mjukuu alikuwa ameshafikia umri wa kuteka maji mwenyewe, siku alipokuja mlangoni mwanamume mrefu mwenye mvi, joho lake jekundu limebaki vipande. Nyuma yake msafara wa pembe za ndovu ulikuwa ukishusha mizigo. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akainua macho juu ya mlango.

"Bibi," Lugendo alisema, "nimekuja kuchukua changu."

Bi Mwanamize alikuwa na maneno aliyoyatunza miaka yote hiyo, na yalikuwa makali. Alichomoa chango, akampa bila kusema hata moja.

Lugendo alikifunga kwa ukanda wa ngozi juu ya mti wa bendera yake, mahali ambapo kila anayetembea nyuma angekiona. Wimbo wa ng'ombe uliendelea kuimbwa, maana wimbo ukishazoeleka hauna wa kuufuta. Lakini kila mpagazi mgeni aliyejiunga na msafara alikiona kile chuma, akauliza ni cha nini, na yule mtu mrefu, bila kugeuka wala kupunguza hatua, alikuwa akimjibu, "Nilipitwa."