Jina la Mtoto wa Bi Mwaija

Jioni ile nilitoka dukani kwenda kununua karanga kwa Mina, hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwangu. Sikuwa na njaa. Kompyuta yangu ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na mimi nikiwa na wasiwasi lazima nitafune kitu. Mina alinipa karanga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, kama siku zote. Nikazimimina kiganjani, na kabla sijaitupa ile karatasi nikaona mwandiko.

"Marehemu wa nyumba ya Mzee Ishaka." Chini yake majina manne.

Karanga nikazirudisha mezani kwake.

Naitwa Yunus. Nina steshenari ndogo hapa Dunda, Bagamoyo mjini: kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi inayofanya kazi ikijisikia. Mtaani wananiita Injinia kwa sababu tu ninapiga chapa haraka kuliko wao, na sitaficha, nilipenda kuitwa hivyo. Miezi mitatu kabla ya siku ile, kamati ya msikiti wa mtaa wetu ilinipa kazi. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, tunakusanyika kuwasomea khitma marehemu wetu. Kila nyumba huleta karatasi yenye majina ya watu wake waliotangulia, yanasomwa moja moja na watu wanaitikia. Karatasi zilikuwa zimechakaa, nyingine zimeliwa na mchwa. Kamati ikataka majina yote yaingie kwenye kompyuta, yawe kitabu kimoja, yasipotee tena.

Mzee Bwanausi, katibu wa kamati, alinikabidhi karatasi zile kwa mikono miwili. Aliniambia kila kitu kiwe na nakala mbili, na karatasi nizirudishe zote. Nikamjibu asiwe na shaka, maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi inifunike.

Majina yalikuwa mia nne na kumi na mbili. Niliyaingiza yote. Kila jioni nilijiambia nitaweka nakala kwenye flashi kesho, na hiyo kesho ilifika mara moja tu, kazi ikiwa bado haijaisha. Karatasi nazo zilikuwa zinajaza meza, na upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nikazitumia kujaribia printa. Halafu rundo lote nikampa Mina afungie karanga, maana karatasi zangu zote zilizoharibika huenda kwake, ndiyo mazoea yetu. Sikufikiri. Wallahi sikufikiri hata kidogo.

Kisha asubuhi ya siku ile umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili, kompyuta ikaanza kulia tumboni.

Tk... tk... tk...

Fundi Pantaleo alichomoa diski, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. Akasema hakuna cha kuokoa humo, akaniuliza kama nina nakala. Nikasema ninayo. Hata kwa fundi nilidanganya.

Khitma ilikuwa imebakiza siku tisa. Kwenye flashi nilikuta majina mia tatu hivi. Kwa Mina rundo lilikuwa limekwisha, kwa hiyo yaliyobaki nikayafuata nyumba kwa nyumba na daftari langu, nikijifanya nimekuja kuhakiki tahajia. Watu wakanikaribisha chai na kunisifu kwamba Injinia wetu hana papara. Chai ile niliinywa macho yakiwa chini. Siku ya nane nilikuwa nimeyapata yote.

Yote, isipokuwa moja.

Bi Mwaija anakaa peke yake, nyumba ya tatu nyuma ya msikiti, yenye baraza ya saruji iliyopasuka. Karatasi yake aliniletea mwenyewe dukani, imekunjwa mara nne, ina harufu ya sanduku na udi. Ilikuwa na jina moja tu, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliniambia kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni watu wasisikie, kwamba ni jina la mtoto wake wa pekee. Mtoto alipewa jina siku ya saba na siku hiyohiyo akafariki. Yeye alikuwa na homa ya uzazi, hajitambui. Mumewe, marehemu Mikdad, alimtajia jina, lakini kwa homa ile halikushika. Mikdad akaliandika kwenye karatasi. Miezi miwili baadaye na yeye akafa.

"Mimi sijui kusoma," aliniambia. "Na sikuweza kumwomba mtu anisomee. Mama gani hajui jina la mwanawe?"

Miaka arobaini na moja alikuwa amekaa na karatasi ile sandukuni. Nikataka kumsomea palepale, akanizuia kwa kiganja.

"Nataka nilisikie siku ya khitma, watu wakimwitikia."

Na mimi nililiona jina lile kwa macho yangu haya. Vidole vyangu vililipiga. Lakini nilikuwa nayapiga majina kama mtu anayehesabu magunia, na ninapojaribu kulikumbuka sipati chochote.

Siku ya mwisho nilikwenda jalalani nyuma ya soko, nikachuchumaa nikifungua karatasi za karanga moja baada ya nyingine. Watu wakapita wakanisalimu. Nikawaambia nimedondosha ufunguo. Ile ya Bi Mwaija sikuipata. Nikarudi dukani, nikaazima kompyuta ya jirani, na kwenye mstari wa nyumba ya Bi Mwaija nikaandika jina la kubuni.

Idrisa bin Mikdad.

Nani angejua?

Khitma ilisomwa alasiri. Mzee Bwanausi alisoma majina kutoka kwenye kitabu changu, na baada ya kila jina watu wakaitikia Mungu amrehemu. Alipofika kwa Idrisa bin Mikdad, nyuma ya pazia la wanawake nilisikia mtu akivuta pumzi. Kisha kilio, cha furaha. Nje, Bi Mwaija alinishika mkono akaubusu. Mimi, mjukuu kwake kwa umri, mkono wangu ukabusiwa. Nilipaswa kusema palepale. Nikasema, "Karibu, bibi."

Siku ya tatu baada ya khitma, magharibi inakaribia, nilikuwa nafunga duka. Nilikuwa nimeshazima printa. Kompyuta mpya ilikuwa bado haijaja.

Tk...

Nikasimama.

Tk... tk...

Sauti ilitoka kwenye droo. Ile diski iliyokufa nilikuwa nimeitupia humo, haijaunganishwa na waya wowote. Nilipovuta droo, mlio ukanyamaza. Ikaja harufu. Udi, na sanduku la zamani.

Nikainua kichwa. Mlangoni alikuwepo mtu.

Mwanaume wa makamo, miaka arobaini hivi. Uso wake siwezi kukueleza, na si kwamba sikuuona. Niliuona vizuri. Lakini kila nilipopepesa macho nilisahau nilichokiona, nikalazimika kuanza upya.

"Nina kazi ya kuchapa," alisema. Alinong'ona, kama mtu asiye na sauti kabisa.

"Nimefunga, kaka. Njoo kesho."

"Jina moja tu."

Nikamuuliza jina gani.

"Wewe ndiye uliyeliandika."

Akaninyooshea mkono. Kiganjani alikuwa na karatasi ya karanga, imekunjwa kama pembe. Niliipokea na kuifungua. Wino ulikuwa ule, mwandiko ulikuwa ule wa Mikdad. Mafuta ya karanga yalikuwa yameingia kote. Herufi ya kwanza ilisomeka, mim. Baada yake lilibaki doa.

Majina yanayoanza na mim ni mengi jamani. Muhidini, Maulidi, Mansuri, Mbaraka. Nikaanza kuyataja kwa hofu, na kila nilipotaja alitikisa kichwa polepole.

"Kuna mtu amekaa mahali pangu," alisema. "Umemwita wewe."

Adhana ya magharibi ikaanza. Nikageuka nusu tu kuelekea msikitini. Nilipomrudia, mlango ulikuwa mtupu.

Karatasi ilibaki mkononi mwangu.

Sikwenda kuswali. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwaija, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi. Nilipofika barazani nikasikia anacheka. Bi Mwaija, ambaye sijawahi kumsikia akicheka. Nikabisha hodi. Akafungua mlango kidogo, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku uso umechangamka. Nyuma yake, mkekani, nikaona sahani mbili za wali. Sahani moja ilikuwa imejaa na ndiyo yake. Nyingine ilikuwa nyeupe pee, imelambwa.

"Mwanangu amekuja," alininong'oneza. "Tangu siku ile ya khitma anakuja kila magharibi. Namwita kwa jina lake, anaitika."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nataka uniamini, nilifungua mdomo.

Ndipo kutoka chumbani, gizani, mtu akauliza.

"Mama, ni nani?"

Haikuwa sauti ya kutisha. Haikuwa nzito wala ya mzimu. Ilikuwa sauti ninayoijua kuliko zote, ile ninayosikia nikizungumza na wateja.

Ilikuwa sauti yangu.

"Ni Injinia," Bi Mwaija akajibu kwa furaha. "Yule aliyekuandika."

Kisha kicheko kidogo, kicheko changu.

"Namjua," ikasema.

Nilikimbia. Sina la kujitetea. Nilimwacha mama wa watu na kitu nilichokitengeneza mimi, nikakimbia mpaka kwangu nikafunga kwa komeo. Asubuhi nilipoamka koo lilikuwa limekauka, sauti inakwaruza. Nikadhani ni mafua.

Tangu hapo nimekwenda pale mara sita. Kila mara mchana, nikijua kile kinakuja magharibi, na kila mara Bi Mwaija amenipokea kwa shukrani hizohizo, nami nimekaa barazani nikashindwa. Ningemwambiaje? Kwamba jina alilolisubiri miaka arobaini na moja nililifungia karanga? Kwamba anayemlisha siye? Amekonda. Mifupa ya mikono imetokeza. Anasema hana njaa siku hizi, chakula anamwachia kijana, anakula kweli huyo kijana. Mara ya sita aliniambia Idrisa ameanza kusoma kasida, na kwamba ana sauti nzuri, kila siku inazidi kuwa nzuri.

Yangu ilikuwa inazidi kwisha. Nilinywa tangawizi, asali, ndimu. Daktari akamulika kooni akasema hakuna kitu. Ramadhani ilipoingia nilikuwa nanong'ona. Siku ya Idi, Mzee Bwanausi alinipa mkono msikitini, nikataka kumwambia yote, yote kabisa, mbele za watu, fedheha na iwe fedheha.

Hakikutoka kitu. Hata mkoromo.

Kwa hiyo nikaandika. Nilieleza kila jambo kama nilivyokueleza wewe. Lakini Bi Mwaija hajui kusoma, na hilo ndilo lililonifanya nilie peke yangu dukani kama mtoto. Nikampa Mina karatasi, nikamwandikia amsomee Bi Mwaija, na aende kabla ya magharibi. Mina alikuwa na karanga jikoni. Akachelewa kidogo tu.

Aliporudi nilimwonyesha kwa mikono, vipi?

Mina akanitazama kwa mshangao.

"Si nimekupa wewe mwenyewe pale mlangoni?" alisema. "Ukaniambia niende tu, utamsomea mama. Tena nimefurahi, sauti yako imerudi."

Hiyo ilikuwa juzi. Jana mchana nilikwenda nikagonga sana, Bi Mwaija hakufungua. Nilimsikia ndani akisema yule mlaghai aondoke, kwamba mwanawe amemsomea karatasi yangu yote na ameyajua ya moyoni mwangu. Sijui alisomewa nini. Jioni yule mwingine, mwenye karatasi, alikuja dukani kama anavyokuja kila siku. Sasa haulizi. Anasimama mlangoni, mimi naandika majina ya mim kwenye daftari na kumwonyesha moja moja, na yeye anatikisa kichwa. Nimefika mia moja na arobaini. Macho yake yana huzuni, hilo peke yake ndilo ninalolikumbuka usoni pake.

Safari hii nimetoa nakala tatu. Moja nimeiweka kwa Mzee Bwanausi, moja iko chini ya printa, na ya tatu ndiyo hii uliyoshika. Ukiweza, nenda. Nyumba ya tatu nyuma ya msikiti, baraza ya saruji iliyopasuka. Nenda jua likiwa juu, gonga mpaka afungue, umsomee Bi Mwaija kwa kinywa chako mwanzo hadi mwisho. Mwambie jina la mwanawe linaanza na mim, huenda yeye akalikumbuka. Mwambie naomba radhi.

Na usimpe mtu mwingine karatasi hii pale mlangoni. Hata ukiona ni mimi.